Miguu Yangu na Viazi vya Mama Njagi

Jumamosi, 28 Julai 1984

Daftari hili liliachwa na mteja aliyeleta redio mwaka juzi. Redio ilipona, mwenyewe hakurudi. Nimemngoja vya kutosha. Shule niliiacha darasa la nne, na mengine nimejisomea kwenye magazeti ya kufungia nyama, kwa hiyo habari nyingi za dunia nazijua nusu, na zina mafuta.

Mimi ni Mwongera, fundi wa saa na redio hapa Kinoru. Kazi yangu ni kuinama. Mtu aliyeinama husahaulika, watu wakasema yote mbele yake.

Mvua ya Machi haikuja. Ya Aprili ilikuja siku mbili, ikachungulia, ikarudi ilikotoka. Sasa ni baridi kavu na vumbi.

Mchana nakula Hoteli Peru, chumba kimoja na baraza, nyuma ya uwanja. Ubao unasema CHAKULA CHA KIASILI. Asili ya nani, hausemi. Mwenyewe ni Phyllis Rwamba, Mama Njagi, mjane, Mwembu wa Kianjokoma. Alipika miaka kumi na mmoja jikoni kwa masista, na mmoja wao, Sista Eulalia, alitoka milima ya Peru akamfundisha mapishi ya kwao. Watu wengi hapa wanaamini Peru ni jina la marehemu mumewe, na wanampa pole. Ameacha kuwasahihisha.

Anapika matumbo kwa viazi na nanaa. Moyo wa ng'ombe anaulaza kwenye siki na pilipili, kisha anauchoma vijitini. Kwa bei unayoshibia hapo, kule stendi ungepewa supu na mfupa wa kutazama. Tangu mke wangu Ntinyari afariki, miaka mitatu sasa, sijala kwingine. Uzuri wa chakula cha Mama Njagi ni kwamba hakinikumbushi mtu.

Leo mwenye chumba, Mzee Mbaka, amesimama mlangoni na bakora yake.

"Muga, Mama Njagi."

"Muga mono, mzee."

"Kuna mtu wa miraa anataka hii chumba. Nimemwambia kuna mama ndani. Lakini chumba yangu haikai baridi. Siku jiko yako italala siku saba bila moto, mimi nitajua umehama."

"Haitalala, mzee."

Alisema bila kugeuka. Lakini niliona mkono uliokuwa ukikata kitunguu umesimama. Kianjokoma hana pa kurudi: pale nyumba yake ilipokuwa, kaka yake amepanda kahawa.

Jumatano, 1 Agosti

Amejaribu chakula kipya: viazi vilivyopondwa, vikatiwa ndimu na pilipili, vikapangwa kama keki na kuletwa baridi. Makusudi baridi. Kule Peru ndivyo vinavyoliwa.

Kaberia kinyozi amegusa kwa kidole, akavuta sahani mpaka katikati ya meza ili wote waione. "Mama Njagi, mimi hapa ni mgeni ama ni mbwa?"

"Umekosa nini, Kaberia?"

"Unaniletea viporo mchana kweupe!"

Watu wakacheka, wakaacha kula. Karambu, yule mama anayehudumu mezani na kuosha vyombo, akazikusanya sahani sita zikiwa nzima. Mimi nilikula yangu. Ilikuwa tamu. Sikusema, maana mtu mmoja akisifu peke yake huonekana amelipwa.

Alhamisi, 9 Agosti

Hakuna mvua. Matumbo.

Jumanne, 14 Agosti

Hakuna mvua. Matumbo, viazi viwili.

Jumatatu, 20 Agosti

Hakuna mvua. Kiazi kimoja. Nimekihesabu mara mbili nikitumaini nimekosea.

Sokoni viazi ni vya kuulizia tu. Wanaosema serikali inaleta mahindi ya njano kutoka ng'ambo wanasema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Jumamosi, 25 Agosti

Mama Njagi amekuja kibandani kwangu. Hajawahi. Alisimama mpaka nikatoa miwani ya saa jichoni.

Ana kishamba cha marehemu mumewe juu kabisa Kibirichia, karibu na msitu. Viazi vya huko ndivyo alivyokuwa akivitegemea. Wiki hii mbingu imekaa wazi na sakitu imeanguka usiku mara tatu, ule umande unaoganda ukawa mweupe kama chumvi juu ya majani. Shamba lote limekuwa jeusi kama lililomwagiwa maji ya moto. Vilivyomo ardhini ni vidogo kama mayai ya njiwa, na vingi vimeshikwa na baridi.

Nikaandaa pole. Hakuitaka.

"Fundi, miguu yako ni ya namba gani?"

"Kumi."

"Jumapili ijayo njoo nayo."

Jumapili, 2 Septemba

Kanisani sikwenda. Naandika yote, maana nikiyaweka kichwani yatatafuta mlango.

Nilifika Kibirichia asubuhi, jua likianza kuuma. Mama Njagi na Karambu walikuwa huko tangu Alhamisi. Walikuwa wamechimba kila kiazi, kizuri na kibovu, wakavitandaza kwenye nyasi bila kuvifunika. Siku tatu mfululizo sakitu ilivigandisha usiku na jua likaviyeyusha mchana. Nilipovishika vilikuwa laini, vinatoka maji kama sifongo. Kwetu hapa vingetupwa.

"Sasa vua viatu," Mama Njagi akasema.

"Nivue kwa nini?"

"Tuvikanyage. Maji yatoke, ganda litoke. Halafu jua livikaushe mpaka viwe kama mawe. Sista alisema kwao kiazi namna hii kinakaa miaka, kinangoja njaa."

Nikamtazama Karambu nikidhani atacheka. Hakucheka. Alikuwa ameshapandisha rinda.

Niseme jinsi tulivyolelewa. Nikiwa mdogo niliruka kikapu cha mtama wa nyanya yangu, nikakosea, mguu ukaingia ndani. Kipigo nimekisahau. Sijasahau kwamba mtama ule haukupikwa. Ulikaa pale siku mbili, sisi tukiwa na njaa, mpaka akaitwa mzee akautemea asali na kuubariki. Chakula hakikanyagwi. Anayekikanyaga amewakanyaga watakaokila, na anayekila hivyo, wanasema, huvimba akafa. Hakuna mtu Kinoru asiyejua hilo, na wasiojua kitu kingine wanajua hilo.

Nikavua viatu. Miguu yangu Ntinyari aliiita majembe. Karambu alipoiona ndipo alipocheka.

"Ngai! Fundi, wewe peke yako ni trekta."

Maji yalitoka baridi kati ya vidole. Ganda linateleza, unahisi kiazi kinapungua chini yako. Nilikuwa na hofu ya kijinga kwamba nyanya yangu atatokea nyuma ya mti.

"Sista alisema kwao wanaimba," Mama Njagi akasema.

"Wanaimba nini?"

"Sikumuuliza. Wewe kanyaga."

Mchana, tukinywa chai, alitutazama mmoja mmoja. "Hii ya miguu ibaki hapa juu. Tuko watatu. Nikisikia huko chini, nitajua ni mmoja wetu."

"Mimi nimeona nini?" Karambu akasema, akijifuta matope.

Mimi nikaapa. Nakumbuka niliapa kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika.

Jumatatu, 17 Septemba

Viazi vimeshuka kwenye magunia. Vyeusi, vyepesi, vigumu, kama kete za bao. Amevilowesha siku mbili, akivibadilishia maji, kisha akavipika kwenye rojo la njugu na maziwa, juu akaweka mshikaki mmoja wa moyo.

"Hii ni nini?" Kaberia akauliza.

"Kiazi cha Peru."

"Mbona nyeusi?"

"Wewe mbona mweusi?"

Watu wakaangua kicheko, na aliyecheka kwanza akala kwanza. Ladha yake ni ya udongo na moshi, halafu utamu unakuja ukichelewa. Kaberia amekula sahani mbili. Hata Mzee Mbaka amepokea sahani barazani, akaimaliza, akasema tu kwamba ni moto. Mahindi ya njano yamefika mjini, na watu wanayaita chakula cha kuku, kwa hiyo hoteli imejaa mpaka nje. Bei ni ileile.

Mama Njagi amecheka leo. Ana pengo upande wa kushoto ambalo sikulijua.

Ijumaa, 21 Septemba

Nimenyolewa. Tuliongea mengi. Nilisema jambo moja dogo, kwa mzaha. Sidhani lilisikika.

Jumamosi, 22 Septemba

Lilisikika.

Saa saba mchana hoteli ilikuwa na meza nne, viti kumi na sita na mimi. Chungu kimejaa mpaka ukingoni. Mama Njagi alisimama mlangoni akipangusa mikono iliyokuwa mikavu.

Saa nane Mzee Mbaka akaja na wazee wawili. Hakuvuka kizingiti.

"Mama Njagi, nakuuliza mara moja. Hiyo viazi ilikanyagwa na miguu?"

Angeweza kusema hapana.

"Ilikanyagwa, mzee. Ikaoshwa, ikaloweshwa, ikapikwa."

"Na mimi nilikula."

"Ulikula."

"Ulinikanyaga, basi." Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali. "Mimi na umri huu. Nikanyagwe na mtu wa kutoka Embu."

Wakaondoka. Mama Njagi akageuka, na hakunitazama mimi. Alimtazama Karambu.

"Ni wewe."

"Mama, mimi sijaongea na mtu."

"Mko ploti moja na dada wa Kaberia. Ni wewe. Vua hiyo aproni."

Karambu ana watoto wanne na hana bwana. Aliikunja aproni mara nne kabla ya kuiweka mezani. Wakati wote huo mimi nilikuwa na kijiko mkononi. Nilijiambia: nimeze hii kwanza, nitasema. Nikameza. Nikajiambia: kijiko kinachofuata. Sahani ikaisha.

Nilichomwambia Kaberia ni hiki. Alikuwa akizisifu zile sahani mbili, na mimi, kwa kutaka kuonekana najua, nikasema, "Hiyo unayoramba vidole, mimi niliipika kwa miguu." Akacheka mpaka mkasi ukasimama. Kisha akaacha kucheka, akamaliza kuninyoa haraka.

Jumatatu, 24 Septemba

Jiko limelala siku mbili.

Jumanne, 25 Septemba

Tatu. Mtu wa miraa amekuja kupima mlango kwa hatua. Nimekula ndizi.

Jumatano, 26 Septemba

Nne. Nimefungua saa ya mwalimu nikairudisha vilevile bila kujua ilikuwa na nini. Wateja wanadhani ni uzee.

Alhamisi, 27 Septemba

Tano.

Nimekutana na Karambu kwenye bomba. Anawachotea watu maji, dumu mbili kwa mpigo.

"Fundi. Siku hizi unakula wapi?"

Nikasema hapa na pale.

"Kule juu tulikuwa watatu," akasema, akipanga kata ya kanga kichwani. "Mama Njagi hawezi kujichoma mwenyewe. Mimi najua mdomo wangu. Hesabu si ngumu."

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Angeniamini? Na hata angeniamini." Akainama, nikamsaidia kuinua dumu. "Wewe ndio mtu amebaki wa kumlia chakula. Nikuondoe wewe pia, abaki na nani?"

Akaenda zake. Maji yalikuwa yakimwagikia mgongoni na hakuyapangusa.

Miaka yote hii nimejiona mjanja kwa kuwa naona bila kuonekana. Huyu mama aliniona tangu Jumamosi, akanyamaza, akaenda kuchota maji.

Ijumaa, 28 Septemba

Nilikwenda asubuhi kabla ya kufungua kibanda. Mama Njagi alikuwa akifunga masufuria kwa kamba. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Yalitoka matatu.

"Si Karambu. Mimi."

Aliendelea kufunga fundo mpaka likakaza.

"Ulimwambia nani?"

"Kaberia. Kwa mzaha."

"Kwa mzaha." Akakaa juu ya gunia. "Miguu yako ilinisaidia, Fundi, na mdomo wako ukaja nyuma ukafagia. Na nikamfukuza mama wa watu, wewe unakula. Ulikula ukamaliza! Mimi nilikuona ukipangusa sahani na kidole!"

Nilipangusa.

"Sasa sikiza. Utaenda umlete Karambu, na utamwambia mbele ya wenye anawachotea maji. Si pembeni. Halafu mimi nitawasha hii jiko, na wewe utakula hiyo viazi kila siku hapa barazani, ukiangalia barabara. Peke yako. Wakuone."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wachoke kungoja ufe."

Nilikwenda. Bombani walikuwepo wanawake tisa. Sitaandika nyuso zao. Karambu alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, beba dumu hii moja basi," nikaibeba mpaka kwa mwenyewe, kisha tukarudi hotelini. Wale wawili hawakuombana msamaha kwa maneno. Mama Njagi alimpa aproni, na ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi. Saa tano moshi ulitoka.

Jumamosi, 29 Septemba

Nimekula barazani. Watu kama ishirini walikuwa na shughuli ghafla upande ule wa barabara.

Jumatatu, 1 Oktoba

Kaberia amenipitia mara tatu. Ya tatu akaniomba nitoe ulimi. Nikautoa. Ameenda kutoa ripoti.

Jumatano, 3 Oktoba

Karambu amekwenda Kibirichia akarudi na magunia mawili yaliyobaki. Hayajakauka sawasawa. Wameyaanika kwenye mikeka uani, na jua linafanya kazi yake. Tatizo ni mawingu. Yanaanza kukaa upande wa mlima. Kanisa limetangaza maombi ya mvua. Mama Njagi amekwenda, ameimba na wengine, na alipotoka aliniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Mungu anisamehe. Nimeomba mvua ya wiki ijayo."

Alhamisi, 4 Oktoba

Mzee Mbaka amekuja mwenyewe. Alisimama mbele yangu nikila, akanielekeza bakora kwenye viatu.

"Vua."

Nikavua. Alitazama miguu yangu kwa muda, akitafuta uvimbe wa laana, asiuone. Amekwenda zake. Usingizi haunijii. Najua viazi havina neno. Lakini jana tumbo lilinguruma nikashika ukuta.

Jumamosi, 6 Oktoba

Mahindi ya njano yamekwisha dukani. Leo wanawake watatu wamekuja mlango wa nyuma na sufuria zenye vifuniko.

"Ni ya nguruwe," wa kwanza akasema.

"Ya nguruwe unataka na rojo ama bila?" Karambu akauliza.

"Na rojo. Na hiyo ya moyo kidogo."

Kinoru nzima ina nguruwe wawili, na wote ni wa mwalimu mmoja.

Jumatatu, 8 Oktoba

Nguruwe kumi na wanne. Mmoja amerudisha sufuria na shukrani.

Jumatano, 10 Oktoba

Mzee Mbaka amevuka kizingiti. Mimi nilikuwa barazani, nikainamia sahani yangu nikaendelea kutafuna polepole. Kuinama ndiyo kazi yangu.

"Mama Njagi, sikuja kugombana. Nataka kuelewa. Kukanyaga ni dharau. Kama si dharau, ni nini?"

Alikuwa akikoroga. Hakuacha kukoroga.

"Mzee, nyumba ulizaliwa ndani, ukuta wake ulikuwa wa nini?"

"Udongo."

"Ulikandwa na nini?"

Sote tunajua. Wanawake wa kijiji huingia kwenye shimo la udongo wakaukanyaga asubuhi nzima mpaka uive, na mwenye nyumba huwapikia uji kwa heshima.

"Na miguu ya mama zetu," mzee akasema mwishowe.

"Walikuwa wanakudharau?"

Alivuta kiti. Alikaa akiuelekea ukuta, mgongo kwa barabara, kofia kichwani. "Lete. Kidogo."

Karambu akaleta. Nilihesabu vijiko, sikuweza kujizuia: kumi na kimoja. Mama Njagi alikuwa ameshika mwiko kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa. Mzee akaweka kijiko chini, akapangusa ndevu.

"Chumvi haitoshi," akasema.

Akatoka. Mama Njagi akakaa palepale sakafuni, aproni usoni, mabega yakitikisika. Karambu alidhani analia. Mimi naona nilielewa: mtu hasahihishi chumvi ya chakula ambacho hatarudi kukila.

Jumamosi, 13 Oktoba

Mzee Mbaka amerudi. Chumvi imetosha. Mawingu yamefika juu ya uwanja. Viazi vinataka siku moja zaidi, mbili kwa usalama.

Jumapili, 14 Oktoba

Ilianza saa saba tukitoka kanisani. Tone moja kwenye vumbi, likafanya shimo. La pili. Halafu mlima wote ukaja.

Watu walitoka nje kusimama ndani yake. Wanawake walipiga vigelegele, Kaberia alivua shati, watoto walifungua midomo juu. Miezi saba tuliyoomba. Nami niko katikati yao, nimelowa, nakimbilia Hoteli Peru, kwa sababu mikeka ile iko uani na turubai ni moja tu.

Mama Njagi na Karambu walikuwa wamefika. Turubai ilifunika mkeka mmoja. Wa pili walikuwa wakiukusanya kwa mikono, kwa magoti, viazi vikiwakimbia. Na juu ya wa tatu alikuwa ameinama mtu niliyedhani ni mtu wa miraa.

Alikuwa Mzee Mbaka. Amevua koti, amelitandaza juu ya viazi, analibana pembe mbili kwa mikono na ya tatu kwa bakora. Shati limemganda mwilini, maji yanamtiririka kwenye kidevu.

"Wewe Fundi unaangalia nini?" akapiga kelele. "Weka mguu hapa kwa hii pembe!"

Nikavua kiatu, nikaweka.

Koti lile ni lake la kwendea kanisani.